Magoti Yangu na Gitaa la Stoo

Mimi ni fundi cherehani, nina kibanda karibu na soko hapa Shinyanga, na naimba sauti ya pili kanisani. Gitaa lenyewe nililikuta stoo ya kanisa chini ya viti vibovu. Aliliacha mmisionari aliyeondoka zamani. Ni la umeme, lina miguu minne kama meza, unakaa mbele yake, unateleza chuma juu ya nyuzi, na chini kuna pedali unazokanyaga ili sauti ibadilike. Nililifuta vumbi nikaanza kujifunza, na vidole viliniuma mpaka nikawa nashindwa kushika sindano.

Mwenyekiti wa kwaya hakupenda. Akasema wenzetu wa Chato wana kijana anayejua magitaa, basi kama kufikia Jumapili ya mavuno sijaweza kuupiga wimbo wa mavuno wote, gitaa linapakiwa kwenye basi linaenda Chato. Nilimwambia sawa. Moyoni nilisema, haliendi popote.

Shida ni kwamba zile pedali zilipandisha sauti tu. Wimbo wetu wa mavuno una mahali sauti inashuka kidogo, kidogo tu, na hapo ndipo watu wanapolia. Miguu yangu yote ilikuwa na kazi, mikono pia. Yalibaki magoti.

Cherehani yangu ya umeme ina chuma pembeni, ukikisukuma kwa goti kinanyanyua mguu wa mashine. Nimekisukuma miaka yote bila kukifikiria. Nikajiuliza, kama goti linanyanyua mguu wa cherehani, litashindwaje kulegeza uzi? Nikamfuata fundi baiskeli wa jirani, mzee aliyewahi kuchomelea makarasha ya kusagia mawe ya dhahabu kule Nyarugusu. Nikampa mikono miwili ya breki za pikipiki, spoku na springi.

"Shikamoo baba. Nataka vyuma viwili, kimoja cha kila goti."

"Marahaba. Mayu," akaniita kwa Kisukuma, yaani mama, "hili likiharibika usinitaje."

"Likiharibika nitasema niliharibu mwenyewe. Toboa."

Akatoboa. Mara ya kwanza uzi ulishuka ukagoma kurudi, ikabidi tubadilishe springi. Halafu spoku ikapinda, tukaweka nene zaidi. Nyumbani nilikaa na dera langu pana, nikasukuma goti la kushoto kwenda nje, sauti ikashuka pale pale nilipotaka. Nilicheka peke yangu kama mwehu.

Siku ya mazoezi ya mwisho tulivaa sare. Sare ya kina mama ni sketi ya kubana hadi chini ya magoti, kwa amri ya mwenyekiti, na aliyezishona zote ni mimi. Nikakaa mbele ya gitaa, tukafika mahali pa kushuka, nikasukuma goti. Halikwenda. Kitambaa kilikuwa kimeyafunga magoti yangu pamoja kama mbuzi wa mnadani. Fundi mzima nimepima kila kitu nikiwa na dera! Nilijiona mjinga, na hasira ikanipanda.

Mwenyekiti akacheka. "Goti limekataa, mayu. Na mwanamke kutanua magoti mbele ya madhabahu, hapana. Tuwaachie Chato."

Nilitoa mkasi kwenye pochi. Nikapasua mshono wa pembeni kutoka chini hadi juu ya goti, nikajifunga kitenge juu yake watu wasinikodolee macho, nikakaa tena. Nikasukuma, sauti ikashuka.

"Asiye na sare hasimami mbele na kwaya," akasema mwenyekiti. Hiyo kweli ni sheria yetu.

"Sawa," nikasema. "Sitasimama mbele."

Jumapili ya mavuno niliwahi mapema. Gitaa nililiweka nyuma, karibu na mlango, katikati ya viti vya kina mama, pale penye soketi. Watu walipita wakiniangalia, wengine wakinong'ona, na mimi nikawaangalia vilevile. Kwaya ikaanza kule mbele, nami nikaanza huku. Mstari wa kwanza niliharibu, sitaficha. Lakini tulipofika pale, goti lilikwenda, sauti ikashuka, na watu wakageuza shingo mmoja baada ya mwingine mpaka kwaya ikawa inaimbia visogo. Bibi mmoja mbele yangu alikuwa anajifuta machozi kwa ncha ya khanga.

Baada ya ibada mwenyekiti alinifuata akiwa amekunja uso.

"Gitaa libaki," akasema. "Ila Jumapili ijayo shona hiyo sketi, urudi mbele pamoja na wenzako."

Nilikuwa nafunga waya wa spika. Sikuacha kufunga.

"Sketi sishoni, mwenyekiti, na mimi nimeshakaa hapa. Kwaya ndiyo ije huku."