Picha Iliyokataa Kutulia Bwera

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa waya. Mwenye studio alikuwa Hajji mmoja wa Kasese, msafirishaji wa mizigo aliyenunua kamera ya kanda kwa sababu harusi zilikuwa nyingi mjini na malori yake yalikuwa yanaharibika kila mwezi. Mimi nilikuwa nimeacha shule mapema. Nilikuwa nimepara samaki Kahendero, nimekaanga chapati Kinyamaseke, nimefua nguo za watu Bulembia, na kila mahali nilikaa mpaka nikaelewa mambo yanavyokwenda, kisha nikachoka na kuondoka. Hajji alinikabidhi waya wa taa akaniambia nimfuate mpiga picha popote aendapo, mradi nisimkwaze bibi harusi.

Jioni, tukikunja vyombo, Hajji alinitazama.

"Biira, wewe iko na macho ya kuuliza," alisema. "Kesho uliza na mdomo."

Nikauliza, na Hajji akajibu yote aliyoyajua. Kuhariri kwa wakati ule kulikuwa kazi ya mashine mbili za kanda. Moja inacheza, nyingine inarekodi, nawe umekaa katikati unabonyeza vitufe. Ukikosea unarudia kutoka pale ulipokosea, na wakati mwingine kutoka mwanzo. Picha ilitembea kwenye skrini ikiwa tu mwenye kamera alitembea. Kompyuta ilipoingia, Hajji aliinunua akaifunika kwa kitambaa cha maua, akasema asiyenawa mikono asiiguse. Mimi nilinawa.

Ninyi mnaohariri kwa kidole kwenye simu labda hamjawahi kujiuliza kinachoisogeza picha ni nini. Nitaeleza, kwa kuwa ninayotaka kusimulia yanategemea hilo. Ukitaka picha isafiri kwenye skrini, huisukumi hatua kwa hatua. Unaweka alama kwenye mstari wa muda, kusema kwamba sekunde hii picha iwe hapa. Unasogea mbele na kuweka nyingine, kwamba sekunde ile iwe pale. Safari ya katikati programu inaijaza yenyewe. Waliotengeneza programu huiita alama hiyo keyframe. Sisi tulisema alama tu, na njia inayochorwa kutoka alama hadi alama tuliiita barabara. Barabara hiyo anaiona mhariri peke yake, kama vitone vilivyofuatana. Mtazamaji anaona picha ikienda.

Kwa Hajji niliondoka kwa amani, kama nilivyoondoka kwingine. Nilifika Bwera kwa sababu nilisikia kuna studio karibu na mpaka inayofanya kazi za Wakongo na za Waganda pamoja, nikataka kuona. Mwenyewe alikuwa mwanajeshi mstaafu, na mji mzima ulimwita Afande. Studio yake ilinishika kuliko mahali pengine popote, nami nadhani ni kwa sababu Afande alikuwa na namna yake ya kutafuta ubovu.

Siku moja nilimwendea nikiwa na picha ya maharusi inayoshtuka katikati ya safari yake.

"Ripoti," alisema.

"Picha inaruka, afande."

"Naruka wapi?"

"Hapo katikati."

"Katikati hapana mahali. Naruka toka wapi, naenda wapi, napita nini? Rudi kuangalia. Mikono nyuma."

Nikarudi kuangalia, mikono mgongoni kama mfungwa, na kwa kuwa sikuweza kugusa kitu nikaona. Kulikuwa na alama mbili zilizokaribiana mno. Mtu alitaka kusahihisha mahali pa picha bila kuiweka kwanza sindano ya muda, ule mstari unaoonyesha sekunde uliyopo, juu ya alama ya zamani, na programu ikamwekea alama mpya pembeni yake. Picha ililazimika kuruka kutoka moja hadi nyingine kufumba na kufumbua. Nilifuta moja, safari ikanyooka. Tangu siku hiyo nilijifunza magonjwa mengine kwa njia hiyohiyo. Barabara nzima ikihama, jua kwamba mtu alishika alama zote alipotaka kusogeza moja. Picha ikiyumba inapokuzwa, tazama kitovu chake, ile nukta inayozungukia, huenda imechomekwa pembeni. Afande hakujua mengi ya programu. Alijua kwamba mkono wenye haraka huongeza ubovu wa pili juu ya wa kwanza, halafu hujui tena unatibu upi.

Kazi ninayoikumbuka kuliko zote ililetwa na Mama Kahindo. Alikuwa Mkongo wa upande wa Butembo, Mkatoliki, muuza vitenge aliyekaa Bwera na mumewe Paluku katika nyumba waliyoijenga wenyewe. Paluku alivuka kwenda Butembo kuchukua mali, akaugua huko, akafa. Barabara ya Beni ilikuwa mbaya wakati ule kwa vita na watu walikuwa wanaikimbia, kwa hiyo ndugu zake walimzika kule, mke na watoto wakiwa huku. Sasa familia ilitaka kumaliza matanga Bwera, na Mama Kahindo aliomba filamu ya kuonyesha baada ya misa. Alitaka ramani, na juu yake picha ya Paluku ikipita njia aliyoizoea, kutoka Butembo kupitia Beni na Kasindi na kuvuka daraja la mpakani. Ifike Bwera ipumzike, binti mkubwa asome majina ya wadogo zake, kisha iende Kasese alikokuwa akiuza.

Jambo lililomnyima usingizi halikuwa filamu. Wazee wa Butembo walisema watoto wa Paluku warudishwe wakakulie kwa baba yao. Yeye alisema kwa baba yao ni hapa. Shemeji yake Kasereka, mdogo wa marehemu, alitumwa kuja kumaliza matanga na kutoa neno la familia, na alikuwa hajalitoa.

Afande alikuwa na desturi kwamba filamu ya msiba lazima wenye msiba waionje studio kwanza, ili wasishtuke mbele za watu. Basi walikuja, Mama Kahindo na Kasereka, wakakaa kwenye benchi. Nikacheza filamu. Picha ya Paluku ilitoka Butembo, ikapita Beni, ikapita Kasindi, ikavuka mto, ikafika Bwera. Sauti ya binti ikaanza majina. Hapo picha ikasogea. Ilikwenda mbele kidogo, ikageuka taratibu, ikavuka mto tena ikarudi upande wa Kongo, ikakaa huko kama mtu anayefikiri, ndipo ikarejea Bwera na kushika njia ya Kasese.

Kasereka alivua kofia.

"Mumeona?" alisema polepole. Kwao kaka mkubwa huitwa yaya. "Yaya hapana kuikala hapa. Eko narudia kwabo."

"Ile ni mashini, shemeji," Mama Kahindo alisema.

"Mashini gani inajua mupaka?"

"Paluku alikuwa narudia kila siku. Anafika kwa bariera ya mupaka, anakumbuka funguo, anarudia. Hata siku ya ndoa yetu alirudia kutafuta mukanda. Sasa wee unaita ile neno la Mungu?"

Kasereka hakucheka, na niliona Mama Kahindo naye hakuwa akicheka. Mikono yake ilikuwa imeshika benchi.

Nilipeleka mkono kwenye kipanya. Afande, aliyekuwa mlangoni, akasema neno moja: "Mikono."

Nikairudisha mgongoni. Nilicheza mahali pale tena na tena, nikitazama. Hapakuwa na alama ya ziada. Alama mbili za Bwera, ya kufika na ya kuondoka, zilikuwa na namba zilezile za mahali, bila tofauti hata ya nukta. Nilificha ramani kuona kama ni yenyewe inayohama, lakini picha iliendelea kuzunguka peke yake. Ndipo nikaomba ruhusa ya kugusa, nikabofya picha ili barabara ionekane, nikaikuza. Pale Bwera vitone vilikuwa vimejikunja kama ndoana ya kuvulia.

Nikaelewa. Programu ile, usipoiambia vinginevyo, inapenda mapindo. Kila alama inaifanya kona ya mviringo, kama dereva anayekata kona bila kupunguza mwendo. Ilijua picha inatoka magharibi na baadaye itaelekea Kasese, mashariki. Ili iingie katika safari ya pili kwa mzunguko mzuri, iliipeleka nyuma kwanza ipate nafasi ya kugeuka. Haikujua kwamba mtu amefika. Dawa yake ni kuzibadilisha alama zote mbili kutoka pindo kuwa kona kali, na mstari kati yake unakuwa si mstari tena, unakuwa nukta.

"Nimeuona ubovu," niliwaambia. "Nitaunyoosha sasa hivi."

"Hapana," Kasereka alisema. "Ukinyoosha, utakuwa umemufunga. Mutu akitaka kurudia na wee unamufunga kamba, hiyo ni kuikala?"

Mama Kahindo alinitazama, nami nikaona shida yetu. Ningeweza kuitibu picha kwa kubofya tu, na bado Kasereka angekwenda Butembo kusema studio ya Bwera ilimzuia kaka yake. Ilibidi kwanza aone kwamba Paluku hayumo katika kile kindoana.

Nje ya dirisha letu kulikuwa na duka la nafaka. Nilipiga picha ya gunia la maharage kwa simu, nikaiingiza, nikaiweka katika alama zilezile bila kubadilisha chochote. Gunia likatoka Butembo, likapita Beni, likavuka daraja, likafika Bwera. Majina ya watoto yakaanza kusomwa. Gunia likasogea mbele kidogo, likageuka, likavuka mto kurudi Kongo.

Mama Kahindo alijifunika mdomo kwa kitenge.

"Na maharagi?" aliuliza kwa sauti ndogo. "Nayo eko narudia kwabo?"

Kasereka alijaribu kukaza uso. "Ile maharagi ni ya Butembo," alisema, kisha mabega yakaanza kumtikisika, na wakacheka wote wawili mpaka Afande akaondoka mlangoni kuwaachia nafasi. Nadhani ndiyo mara ya kwanza walikuwa wamecheka pamoja tangu msiba. Kasereka alipomaliza kufuta macho, aliniambia, "Nyosha."

Siku ya kumaliza matanga tulitundika shuka ukutani, kivulini mwa nyumba ya Paluku, na projekta ikawaka. Picha ilifika Bwera ikatulia. Binti alisoma majina bila kitu chochote kusogea kwenye shuka, na watu wakayasikia. Baadaye Kasereka alisimama akasema amekuja na neno la wazee, lakini amewasikia watoto wakitajwa katika nyumba ya baba yao, na atakwenda kuwaambia wazee hivyo. Watakaa hapa. Barabara ikitulia, watakwenda Butembo likizo wamjue bibi yao. Mama Kahindo aliinuka. Aliingia jikoni na tukasikia anaamuru sahani ziletwe.

Sasa macho yangu hayavumilii skrini tena, nami nimetulia Kinyamaseke, mahali ambapo zamani sikuweza kumaliza mwaka. Vijana huniletea picha zao zinazotangatanga. Nawaambia watazame kwanza, waseme ubovu unaanzia wapi, wabadilishe kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, na wajue nani atakuja kuitazama hiyo picha. Programu zitabadilika, wanazotumia leo tayari sizijui majina. Lakini bado naona raha wanapopata kitu ambacho mimi sikukiona, na hupata mara nyingi.

Wakiniuliza kazi niliyofungia, nawaambia ilikuwa nakala ya filamu ile ya kupelekwa Butembo kwa mama yake Paluku. Kasereka alirudi studio kabla ya kusafiri.

"Mama Biira, ile filme ya mama yetu, usiikatie Kasese. Foto irudie Butembo."

Mama Kahindo alikuwa amekuja naye. Nilimgeukia.

"Irudie," alisema. "Kule ndiko alilala."

Nikaiongeza njia ya kurudi, na mwisho wake, Butembo, nikaweka alama mbili mahali pamoja, zote za kona kali.

"Mbili za nini?" Kasereka aliuliza.

"Ya kwanza anafika. Ya pili anakaa."

Aliinama karibu na skrini, akamtazama kaka yake ametulia juu ya mji wao.

"Ile ya pili peleka mbele kidogo," alisema. "Mama anaonaka polepole."

Nikaisogeza kwenye mstari wa muda.