Matuta Sita na Chupa Isiyo na Jina

Mwaka wa pili baada ya amani kutiwa sahihi, shangazi alinikabidhi matuta yake sita ya sukuma wiki kule mtaa wa New Site, kwa sababu nilirudi kutoka Uganda na cheti cha kilimo cha shule ya usiku. Cheti hicho nilikionyesha hata kwa mbuzi.

Vidukari, wale wadudu wadogo wanaofyonza majani, wakaja. Nadhani hata wa Khartoum walihamia kwangu. Shangazi akatoka soko la Konyo Konyo na dawa ndani ya chupa ya soda, haina jina wala maelezo, inanuka mpaka mbwa akahama mtaa.

"Mimi iko napiga hii Jumamosi."

"Shangazi, tunachuma kila siku. Watoto wanakula hapa hapa."

"Basi ua wewe na hiyo karatasi yako. Mpaka Jumamosi!"

Nikaanza vita. Nilitwanga majani ya mwarobaini, nikachanganya na maji ya sabuni, nikanyunyiza jioni. Majani yaliyojaa vidukari nikawakatia mbuzi. Viwavi nikaokota kwa mkono. Na kila kijidudu cheusi chenye umbo la mamba nikakiponda. Sura ile peke yake ni kesi.

Alhamisi vidukari wakazidi. Nikachutama, nikamwona mamba mmoja amemkamata kidukari, anamla kama nyama choma. Lo! Walikuwa watoto wa wale wadudu wekundu wenye madoa meusi, rafiki za mkulima. Siku mwalimu alipoleta picha yao jenereta ilizimika, nami nikaandika daftarini, "Tumeona." Nilikuwa nimeponda jeshi langu mwenyewe.

Waliobaki nikawalinda kama wabunge. Sabuni nikaipeleka tu kwenye majani wasiyokaa.

Jumamosi vidukari walikuwa wamepungua, hawajaisha. Shangazi akaja na chupa. Nikasimama mbele ya tuta la kwanza.

"Bado wapo!"

"Wapo, na wanaowala wapo. Ukimwaga hiyo wanakufa wote, na vidukari ndio watatangulia kurudi."

"Nipatie tuta moja tu."

"Hata jani moja, hapana."

"Kichwa ngumu! Nani atanunua majani yenye matundu?"

Nikachuma jani lililotoboka kuliko chujio, nikalisuuza, nikalitafuna bichi mbele yake. "Hili ninakula mimi, sasa hivi. Lile utakalopiga dawa, nani ataanza kuonja?"

Akawatazama watoto. Akaifunga chupa kwa kitambaa, akaenda kumrudishia aliyemuuzia, na matusi juu. Mimi akaniachia karai la kuuzia mboga.

"Sokoni utakwenda mwenyewe, na matundu yako."

Nikaenda. Kila mteja aliyecheka nilimchagulia jani lenye matundu zaidi.