Kitabu Kimoja, Pande Nne

Walimwita Dada Koti, kwa sababu koti liliingia darasani kwanza, yeye akafuata. Lilikuwa koti la huduma ya taifa, rangi ya chungwa, saizi ya mlinzi wa benki, na mgongoni limeandikwa NIMEJITOLEA. Aliyemtoa alikuwa shangazi yake. Mwaka wa pili baada ya chuo, shangazi alisimama mbele yake akasema, "Mwanangu, hata kochi langu limechoka nawe. Nenda, taifa linakuita."

Taifa lilimfunza siku tatu. Siku ya kwanza wimbo, ya pili namna ya kusimama wakati wa picha, ya tatu kugawana vyeti. Kisha likamtupa katika shule ya mjini yenye watoto tisini kwa darasa, likamkabidhi kumi na mmoja walioshindwa kusoma, stoo ya madawati mabovu, meza moja na kitabu. Si vitabu. Kitabu.

"Vingine vinakuja," alisema mwalimu mkuu, mzee mpole aliyekuwa akisema hivyo tangu nywele zake zikiwa nyeusi.

Basi Dada Koti akakiweka kitabu katikati ya meza, watoto wakakizunguka kama jiko siku ya baridi. Kila mmoja aling'ang'ania kiti chake, maana aliyebanduka alikuta kimekwenda. Kwa miezi saba alifuatisha mistari kwa ncha ya penseli. Sauti ikamkauka, koti likapauka, na wale watoto, amini usiamini, wakaanza kusoma.

Ndipo makao makuu yakamkumbuka. Alikuja mkaguzi na mkoba uliopita mlangoni kwa kulazwa ubavu, na sharti lake lilikuwa fupi: watoto tisa wasome, la sivyo darasa lifungwe, na Dada Koti ahamishiwe makao makuu akapange viti vya semina. Fomu aliyobeba ilikuwa moja tu.

"Na isichafuke," alionya. "Fomu yenye mkwaruzo haipokelewi, na nyingine zinachapwa mwaka ujao."

Saba wakasoma vizuri. Wa nane, binti wa fundi cherehani, alipewa karatasi, akaikunjia uso, akaigeuza kichwa chini miguu juu, kisha akaisoma bila kukwama popote.

"Acha! Karatasi inashikwa hivi." Mkaguzi akaigeuza. Mtoto akawa bubu. Akaipindua tena, maneno yakarudi.

Dada Koti akageuka kuitazama meza. Upande wa pili wa meza! Wanne waliokaa huko walikuwa wamekiona kitabu kikiwa kimepinduka miezi yote saba, na hivyo ndivyo walivyojifunza. Yeye, na cheti chake cha siku tatu, hakuwahi kugundua.

"Mzee, si anasoma? Hukumsikia?" akamuuliza mkaguzi.

"Nimemsikia. Lakini fomu inauliza kuhusu karatasi, haiulizi kuhusu karatasi iliyopinduliwa."

"Kwani herufi zimebadilika?"

"Binti, nina miaka ishirini katika kazi hii."

"Ishirini! Na wewe unaweza kusoma hivyo?"

Mwalimu mkuu, aliyekuwa amesimama mlangoni, alikohoa kikohozi chenye meno. Mkaguzi akanuna, akaketi, akailaza fomu mezani na kuanza kuandika. Binti wa fundi alikuwa amesimama mbele yake, ng'ambo ya meza, mahali pake pa siku zote.

"Mtoto… hajui… kusoma," binti akatamka kwa sauti, kalamu ya mkaguzi ikiwa bado inatembea. "Mwalimu wake… ni mjuaji. Darasa li…"

Mkaguzi aliruka kama aliyekalia sindano. Kalamu ikateleza, ikachora fomu kutoka pembe hadi pembe.



"Pole sana," alisema mwalimu mkuu kwa huruma ya msibani. "Na nyingine ulisema zinachapwa lini vile?"

Mkaguzi alifunga mkoba wake akaondoka bila kuaga. Darasa halikufungwa wala halikupasishwa. Kwa makao makuu, siku ile haikuwahi kutokea. Dada Koti alikuwa amepata mwaka mzima, na kesho yake akaanza kuwahamisha watoto, kila siku upande mwingine wa meza. Wote walitii isipokuwa mmoja.

"Mimi niache hapa hapa, dada," alisema binti wa fundi. "Huku ndiko mtu anaona wakubwa wanaandika nini."