Kibuyu Nilichokiosha kwa Sabuni

Nakumbuka, mwanangu, asubuhi moja ya baridi huko Gilgil, kwenye shamba la mzungu ambako baba yangu alikuwa akikamua ng'ombe. Ilikuwa miaka ya hamsini. Mwaka wenyewe sina hakika nao, na sitaki kukudanganya. Wifi yangu, mke wa kaka, alikuwa karibu kujifungua mtoto wa kwanza. Kwetu mzazi hupewa uji wa mawele uliochachuka, na mpishi wa uji huo alikuwa nyanya yangu, tuliyemwita Cucu. Wazazi wa kambi nzima ya wafanyakazi walimtegemea yeye.

Cucu aliyasaga mawele kwa jiwe, akayakoroga na maji, akayatia kwenye kibuyu chake kwa siku tatu. Kibuyu hicho hakikuoshwa. Kila mara alibakiza uji kidogo ndani, ndio uchachushe mwingine. Kilinuka, lazima niseme ukweli. Wasichana wenzangu wa shule walipita mlangoni wakiziba pua: "Kwenu kumekufa panya?" Nami nikacheka nao.

Mwalimu wetu alitufundisha kuosha vyombo kwa sabuni. Simlaumu, alisema kweli, na vibuyu hakuvitaja. Cucu alipokwenda kuchuma maua ya pareto shambani, nikamwaga uji uliobaki ndani, nikatia maji moto, kokoto na kipande cha sabuni ya kufulia, nikatikisa mpaka kibuyu kikanukia. Nikakianika juani. Nilijiona mjanja, hata nikatarajia kusifiwa. Jioni Cucu aliponituma nitie mawele mapya, nilitia nikanyamaza.

Mtoto alizaliwa. Siku ya tatu wanawake wakaja kumwona mzazi, na kuni za kumpa migongoni, na mama yake wifi akiwa mbele. Cucu akafungua kibuyu, akanusa, akaniangalia mara moja tu. Mama yake wifi akaonja kwa kidole.

"Cucu, huu ni uji ama ni maji ya kufulia?"

Wakacheka sana. "Mkono umezeeka!" akasema mwingine.

"Ni uzee, binti zangu," Cucu akajibu. "Siku hizi nasahau."

Nilikuwa nimesimama hapo hapo, mwanangu, na mdomo ninao.

Wifi alipikiwa uji wa posho, ule unga wa mahindi wa mgao wa shamba. Maziwa yalitoka, mtoto akanenepa. Unga wa posho umetulea wengi, siutukani. Lakini ile chachu Cucu alipewa na mama yake siku ya kuolewa, na majirani aliowagawia walikuwa wamehamishwa na serikali kwenda mbali miaka ile ya taabu. Akajaribu upya mara tatu. Uji ulichachuka, lakini akasema si ule. Labda ulikuwa ule ule, na huzuni ndiyo iliyobadilisha ladha, sijui. Ninachojua ni kwamba hakuna mzazi aliyemwita tena.

Baadaye, tukichambua maharagwe wawili tu, akaniambia bila kuinua sauti: "Kibuyu umekiosha. Mimi ndiye uliyenichafua."

Nikalia. Nikaomba msamaha, akanipa. Lakini kwa wale wanawake sikwenda kamwe kusema kweli, na Cucu alizikwa akiitwa mzee aliyesahau kupika. Pengine naye alikosea kutonieleza mapema kilichokuwa ndani. Lakini sikuwahi kumuuliza. Majuto ni mjukuu, husema watu, nami nilikuwa mjukuu kweli.

Kwa hivyo mwanangu, ingawa sijui kama nafaa kushauri mtu, nakuomba hivi. Usiache mbachao kwa msala upitao. Ukikuta jikoni mwa mzee kitu kinachokuchukiza, kaa chini kwanza umuulize ni cha nini, kisha saga naye, koroga naye, onja, mpaka mkono wako ujue. Sabuni itakungoja. Na ukiharibu, maana utaharibu, sema siku hiyo hiyo mbele ya hao hao waliomcheka mwenzako.

Mungu akupe wazee wa kukufundisha na subira ya kuwasikiliza. Akupe pia ulimi ambao mimi nilikosa, wa kusema mbele za watu: ni mimi.