Mzee wa Kukoholea Nyumba

Ulikuwa mwaka wa tisini na tano. Hapana, tisini na tano Mzee Maneno alikuwa bado anashona nyavu ufukoni. Ni tisini na saba, magoti yalipokwisha kumkatalia. Vita vilikuwa vinashuka milimani na kurudi, na watu wa mji wa Rumonge, kando ya ziwa, walizoea kukimbia mchana na kurudi kesho yake, kama watu wanaokwenda soko.

Shida ilikuwa wezi. Nyumba ikiachwa tupu, jioni haina mabati. Ndipo watu wakazoea kumwacha mzee ndani, akohoe akisikia nyayo, wezi wajue kuna wenyewe. Kwa Maneno, mwanawe Nour aliongeza kufuli kwa nje, maana mara moja walipokimbia baba yake aliwafuata akijikokota hadi njia ya Gatete.

“Mzee, kikohozi chako kinashinda mbwa,” mkwewe Bora, mke wa Nour, alimtania, akimwekea ugali na maji. Hakuwa mtu mbaya, Bora. Ugali ulikuwa wa moto.

Siku moja risasi zilianguka karibu. Nyumba ya jirani ikashika moto, moshi ukaingia kwa Maneno juu ya ukuta. Safari hii alikohoa kweli. Aligonga mlango kwa kigoda, akaita, mwisho akalala kifudifudi, pua kwenye ufa wa chini ya mlango. Upepo wa ziwa ndio uliogeuza moto.

Waliporudi, jirani mwingine, Pascasie, muuza mawese, alikuja kumpongeza.

“Amahoro, baba. Nyumba iko salama sababu yako.”

“Mimi nilitaka kutoka, mama.”

“Ungetoka wangebeba bati zote.”

“Nilitaka kutoka,” alisema tena. Pascasie alicheka kwa upole, kama anayecheka na mtoto, akamwachia mawese kidogo kikombeni.

Maneno akajikongoja kwa fimbo hadi kwa shefu wa kartie, mkubwa wa mtaa. Hakuomba mengi: lile kufuli liondolewe tu. Shefu alimpa kiti, akamsikiliza mpaka mwisho.

“Mzee, kuna wenzako wameachwa porini. Wewe unaachwa kwako, na chakula. Hayo ni mambo ya nyumbani, mimi nitaingia namna gani?” Akaagiza mtu amrudishe kwa baiskeli.

Mvua zilipoanza, milio ikasikika tena upande wa mlimani. Bora alifunga mtoto mgongoni. Nour alimshika baba yake mkono, akamkalisha mkekani, akamfunika mabega kwa shuka.

“Munichukue, Nour. Hata munitangulize, munikute njiani.”

“Baba, nani atatulindia nyumba?”

Mlango ukafungwa, kufuli likalia. Mzee alisogea hadi kwenye ufa. Aliona viatu vya mwanawe, bado vimesimama. Alimuuliza neno moja tu:

“Kama mimi ndiye mulinzi, mbona ufunguo unakwenda na wewe?”