Vibuyu Vyeusi vya Mama Kibet

Miaka kumi na moja nimeosha sufuria katika hoteli ya samaki hapa Kisumu, na nikiona chombo kichafu mikono inaniwasha. Tabia hiyo iliniaibisha huko Nandi, nilipoenda kumwona mjukuu kwa binti yangu Akinyi, aliyeolewa huko.

Milimani kila kitu kilinishangaza. Mafuta ya kupikia yaliganda kwenye chupa, na saa sita mchana bado nilikuwa nimejifunika blanketi. Kisha nikaona vibuyu vitupu vya maziwa jikoni, ndani vyeusi tii. Mama Kibet, mama mkwe wa Akinyi, alipoenda kukama, nikavitia mchanga na maji moto, nikatikisa mpaka maji yakatoka safi.

Jioni, kabla ya kumimina maziwa, Mama Kibet alinusa kibuyu.

"Mama Akinyi, moshi imeenda wapi?"

"Nimetoa yote," nikajibu kwa maringo.

Akinyi akajifunika uso na leso. "Mama, hiyo nyeusi wanapaka makusudi, na mkaa. Ndiyo inaleta ladha ya mursik, hayo maziwa yao ya kuganda."

Mama Kibet akauliza kama ni hicho kimoja tu. Ikabidi niseme kwamba vingine vitatu nimevianika nje.