Siku Zuberi Aliposhuka Garini

Zuberi wa Magarama, mtaa mmoja wa Gitega, aliendesha magari miaka thelathini, na miaka yote hiyo watu walimwita simba. Walikosea. Alikuwa mwoga wa kutupwa, na siku moja ya masika mwaka 1978 woga huo nusura umuue mama mkwe wake.

Mkwe huyo, Mama Kulthumu, alikuwa amelazwa hospitali ya Muyinga, tumbo limekaza kama ngoma. Daktari alisema apasuliwe Gitega siku hiyohiyo, la sivyo asingeiona kesho. Zuberi akamlaza kwenye godoro nyuma ya Land Rover, shemeji yake Saidi akikaa kumshika. Lakini mvua ilikuwa imeikata barabara kubwa. Ikabaki njia ya bondeni, kati ya milima: mafunjo, maji meusi, na magogo ya mikaratusi waliyotandaza wakulima ili wavushe baiskeli. Baiskeli, si gari.

Walipofika hapo, Saidi alitangulia kwa miguu kuita watu wa kusukuma. Mvua ikaanza tena. Zuberi akaona magogo yanazama, na kwamba akingoja hayatabaki, akaingia roho mkononi. Katikati ya bonde gurudumu la nyuma likateleza, gari likainama upande, maji yakaingia mlangoni. Kabla hajajua anafanya nini, simba wetu alikuwa nje, anatimua mbio. Alisimama juu ya tuta la viazi, na miguu ikakataa kurudi.

Mama Kulthumu, ambaye kwa heshima ya ukwe alimwita siku zote Baba Hawa, akamwita kwa jina.

"Zuberi."

Mara moja tu, bila kupaza sauti.

Akarudi huku analia. Akashika usukani, akakanyaga mafuta, gari likatambaa gogo baada ya gogo mpaka kwenye udongo mgumu. Saidi alikuwa anateremka na wanaume wanne.

"Mi nilikuona toka kule juu, uko inje," alisema. "Juu ya nini umemuacha mama ndani?"

Sauti ikatoka kwenye godoro.

"Alishuka kupima njia. We ulifikiri njia inapimwa kwa macho tu?"

Alipasuliwa jioni ile, akapona, akaishi miaka kumi na minne zaidi. Hakumwambia mtu, hata binti yake. Aliyesema ni Zuberi mwenyewe, siku ya arobaini ya marehemu, mbele ya wakwe wote.

"Mama huyu," alisema, "mi nilimukimbia."